Uzoefu wangu: siku 12 za kukwea miamba Idaho na Wyoming

Nianze na gari, maana ndilo lililokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, na simshauri mtu alikodi. Tulikuwa wanne: mimi na binamu yangu, wote wazaliwa wa Mwanza, dada mmoja wa Tanga tunayefanya naye kazi hapa Salt Lake City, na ndugu yetu wa Bukavu, ambaye ndiye aliyetufundisha kukwea miaka mitatu iliyopita kwenye ukumbi wa mazoezi. Tulikodi gari la kulala ndani, lenye vitanda, jiko na friji, kwa dola 165 kwa siku. Friji ilikufa siku ya pili. Usiku mle ndani joto lilituchemsha, kwa hiyo kuanzia siku ya tatu tulilala nje kwenye mahema tuliyokuwa tumeyabeba kwa tahadhari tu. Na kwenye mkataba, ukurasa wa nne, kulikuwa na sharti kwamba gari lisipite barabara isiyo na lami. Hatukulisoma. Barabara ya kuingia City of Rocks, hifadhi ya miamba tuliyokuwa tunakwenda kukwea, ni ya changarawe. Tuliporudisha gari, vumbi lilitushtaki, tukalipishwa faini pamoja na maili za ziada. Kama unapanga safari ya namna hii, chukua gari la kawaida na mahema mawili mazuri. Hiyo fedha ina kazi bora zaidi, nitaieleza mbele.

Sasa mawe. Mtu wa Mwanza akifika City of Rocks, kusini mwa Idaho karibu na kijiji cha Almo, hahitaji kuelezwa chochote. Ni matale, mawe yale yale ya kwetu: makubwa, mviringo, yamebebana kama mtu aliyapanga akaondoka. Binamu yangu alishuka garini akasimama kimya, kisha akasema, "Kaka, hapa ni kwetu kabisa, limekosekana ziwa tu." Sisi tuliokua tukilitazama Jiwe la Bismarck, tukipanda mawe ya nyuma ya nyumba pekupeku huku mama zetu wakituita tushuke, tulijisikia tumefika nyumbani kwa mlango wa nyuma. Tofauti ni urefu. Baadhi ya mawe ya pale yanafika mita 180 hivi, na njia za kukwea ni mamia.

Kuingia hakuna kiingilio. Unalipia nafasi ya kambi tu, na majira ya joto nafasi hizo huisha mapema sana, hivyo zishike miezi kadhaa kabla. Eneo hili lilitangazwa hifadhi mwaka 1988, na sababu haikuwa wakweaji. Hapa ndipo ilipopita njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kuelekea California kuanzia miaka ya 1840. Mwaka 1852 peke yake watu wapatao 52,000 walipita, wengi wakikimbilia dhahabu. Waliandika majina yao kwenye mawe kwa grisi ya magurudumu, na majina mengine yanasomeka mpaka leo. Tulitumia jioni nzima tukiyasoma. Mawe mawili yanayoitwa Twin Sisters hayaruhusiwi kukwewa kwa ajili ya kuihifadhi historia hiyo. Naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote; mawe ya kukwea yaliyobaki hutayamaliza hata ukikaa mwaka.

Jambo kubwa la Julai, mwezi tuliokwenda, ni jua. Jiwe likishapata moto, vidole vinatoa jasho na raba ya kiatu inalainika, na njia uliyoikwea jana asubuhi bila shida leo mchana inakutema. Siku ya kwanza tulianza saa nne asubuhi. Kufika saa sita ndugu yetu wa Bukavu alikuwa ananing'inia kwenye kamba akipuliza vidole, "Ndugu, hii jiwe iko moto sana!" Akashushwa, tukaenda kukaa chini ya msonobari mpaka alasiri. Tangu siku hiyo tuliishi kwa kivuli. Asubuhi tulikaa upande wa magharibi wa jiwe, jioni upande wa mashariki. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, binamu akipita hema hadi hema na "Mwangaluka!" ya Kisukuma, na saa tano tulikuwa tumeshashuka. Katikati ya mchana ni kupika, kulala, na kuipa miguu hewa. Kitabu cha njia kinakuonyesha kila ukuta unatazama wapi. Soma hilo kabla hujasoma ugumu wa njia. Maji tulikunywa lita nne kila mtu kwa siku na hatukubakiza.

Njia niliyoipenda kuliko zote pale ni Wheat Thin, kwenye jiwe liitwalo Elephant Rock. Ugumu wake ni 5.7, katika vipimo vya Marekani vinavyoanzia 5.0 na kupanda mpaka 5.15. Ni bamba jembamba la jiwe lililobanduka kidogo ukutani. Unaingiza vidole nyuma ya ukingo wake, unavuta, na miguu inasukuma ukuta. Hakuna mahali pa kupumzisha mikono, ila ukiiamini miguu yako unapanda kama ngazi. Ndugu yetu alitangulia akipachika kwenye ufa vyuma vya kushikilia kamba, sisi tukamfuata mmoja mmoja. Nilipofika juu mikono ilikuwa inatetemeka, na nilitaka kurudia hapo hapo.

Kwenye jiwe hilo hilo ndipo lilipotokea jambo linalonifanya mpaka leo nisikwee na mtu asiyekubali kukaguliwa. Dada wa Tanga alikuwa anazungumza nasi huku akifunga fundo la nane, lile lenye umbo la tarakimu 8 linalomfunga mkweaji kwenye kamba. Alilianza vizuri, akapitisha kamba kwenye mkanda wake wa kukwelea, halafu mtu akamwita amtupie chupa ya maji. Hakulimalizia. Kwa macho lilionekana fundo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba yake, na tuna desturi kwamba kabla mguu haujaacha ardhi, kila mmoja anashika fundo la mwenzake kwa mkono na kuvuta. Nilipovuta, kamba ikanifuata yote. Tuliangaliana bila neno. Alikaa chini dakika kumi, akanywa maji, akafunga upya, akakwea. Usiku ule alituomba tusimwitie chochote mtu anayefunga fundo, awe nani, na tukalikubali kama sheria.

Vifaa kwa ufupi. Kamba yetu ilikuwa ya mita 70, na ilitosha njia zote tulizoshuka kwa kamba moja. Kofia ngumu usiache kambini hata kama njia ni rahisi, kwa sababu aliye juu yako anaweza kuangusha jiwe. Viatu nilivyonunua vilikuwa vya kubana, kama muuzaji alivyoshauri, lakini kwenye joto miguu inavimba, na kufikia siku ya tano kucha mbili zilikuwa nyeusi. Kwa safari ndefu ya majira ya joto chukua nusu saizi zaidi.

Lander, Wyoming, tulikaa siku tatu. Bustani ya mji ilikuwa inaruhusu wasafiri kupiga hema bure kwa siku chache, jambo ambalo sijaliona kwingine, na tuliiacha safi kuliko tulivyoikuta. Kuta za kukwea za Wild Iris, karibu na mji huo, ziko juu sana, kama mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata mchana kuna ubaridi. Jiwe lake ni jeupe lenye matundu madogo. Vidole viwili ndani, wakati mwingine kimoja. Mimi halikunifaa sana, binamu alilipenda. Siku ya mapumziko tulikwenda Sinks Canyon, ambako mto Popo Agie unaingia pangoni na kupotea, kisha unatokea tena kama mita 400 mbele. Maji hayo, yaliyopimwa kwa rangi, huchukua zaidi ya saa mbili kutembea umbali huo chini ya ardhi. Jioni tulipika ugali kwa dagaa wa Mwanza niliotumiwa na shangazi. Ndugu yetu aliuita bukari na akala kuliko wote.

Devils Tower, jiwe refu lililosimama peke yake kaskazini-mashariki mwa Wyoming, ndiyo sababu safari yetu ilikuwa Julai. Binamu alitaka Juni, likizo yake ya masomo ilikuwa imeanza. Lakini tangu 1995 wakweaji wanaombwa wasiliguse jiwe hilo mwezi mzima wa Juni, kwa kuwa ni wakati wa ibada kwa wenyeji wa asili wa Marekani, na makabila zaidi ya 20 yanaliheshimu. Walakota wanaliita Mato Tipila, nyumba ya dubu. Katazo si la sheria, ni ombi, na wapo wanaolipuuza. Sisi tulikaa tukalizungumza na kukubaliana: mwenye nyumba akikuomba usubiri, unasubiri. Ukifika utaona vitambaa vya maombi vimefungwa kwenye miti. Usiviguse wala usivipige picha.

Jiwe lenyewe lina mita 264 kutoka chini yake, na lote ni nguzo ndefu zenye pembe, zilizotokana na uji wa mawe uliopoa na kusinyaa ardhini. Wakiowa wanasimulia kwamba wasichana saba walikuwa wanakimbizwa na dubu, jiwe likainuka nao, dubu wakalikwaruza kwa kucha, na wasichana wakabaki mbinguni kuwa nyota, zile tunazoziita Kilimia. Siku ya kukwea tuliamka saa tisa usiku. Nilipotoka hemani Kilimia kilikuwa kimeshapanda upande wa mashariki, juu ya weusi wa jiwe. Nyota zile zile bibi yangu alizozitazama kujua msimu wa kulima. Nilimwita binamu atoke aone.

Hapa ndipo fedha ya gari ilipostahili kwenda. Tulimlipa mwongozaji siku mbili: ya kwanza aliwapandisha wenzetu, ya pili mimi na binamu. Unajiandikisha kwa walinzi kabla ya kukwea, bila malipo. Tulipanda njia ya Durrance, iliyofunguliwa 1938. Kwenye karatasi ni 5.7, lakini si 5.7 ya Elephant Rock. Kipande cha pili ni nyufa mbili sambamba; unasimama mguu mmoja huku, mwingine kule, na kusogea sentimita kwa sentimita. Mwongozaji hakutuharakisha hata mara moja. Alinifundisha kupumzisha mwili kwenye mifupa badala ya misuli, na nimejifunza kwake asubuhi moja kuliko mwaka mzima ukumbini. Alituonyesha pia mabaki ya ngazi ya vigingi vya mbao ambayo watu wawili waliipigilia kwenye ufa na kufika juu mwaka 1893. Niliitazama nikiwa na kamba, kofia na mwongozaji, na heshima yangu kwao haina kipimo.

Juu ni uwanja wa majani, kama uwanja mdogo wa mpira uliopinda. Tulikaa nusu saa, maana mawingu ya radi hujengeka mchana na hutaki kukutwa pale. Kuna daftari la kuandika majina. Binamu aliandika majina yetu na chini yake "Mwanza", akalirudisha kwenye kasha. Kufikia saa saba tulikuwa chini, tumekaa kivulini na miguu wazi, na saa tisa radi ya kwanza ikapiga.

Septemba tunarudi City of Rocks, sisi wanne, kwa Corolla ya binamu. Nafasi ya kambi nimeshalipia, na mwongozaji wa siku moja pia, atufundishe kupachika vyuma wenyewe.