Mwarobaini au maji ya sabuni kwa vidukari wa sukuma wiki?

Jamani kama sukuma wiki yako imejikunja majani na ukigeuza chini unakuta vidukari wamejazana wanang'aa na ute unaonata, usikimbilie dawa ya dukani, hiyo mboga si unaila wiki hii hii!

Maji ya sabuni yanaua fasta. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya mche iliyokunwa kwenye lita 1 ya maji, koroga hadi iyeyuke, pulizia. Ila inaua mdudu iliyemgusa tu, ikikauka imeisha kazi, so lazima uinamishe pampu upulizie chini ya jani kabisa maana ndo wanakojificha. Na tafadhali usitumie sabuni ya unga, inaunguza majani.

Mwarobaini sasa ni mwendo mwingine, hauui hapo hapo, mdudu anaacha kula, wadogo wanashindwa kujivua ngozi wakakua, so subiri siku kadhaa ndo uone wamepungua. Nguvu iko kwenye mbegu kuliko majani: twanga kiini cha mbegu kavu, kama gramu 50 kwa lita 1, loweka usiku kucha, chuja na kitambaa. Pulizia jioni, jua linaharibu dawa haraka.

Mi kwa bustani ndogo naanza na sabuni wapungue, halafu mwarobaini kila wiki. Ukiona wadudu-kobe wale wekundu wenye madoa usipulizie hapo, waache, wanakula vidukari bure kabisa.