Matilda wapo wangapi? Uzoefu wangu na riwaya za sauti za malkia wa Zama za Kati

Shida kubwa ya riwaya hizi ukizisikiliza ni majina. Anayesoma akikwama hufungua kurasa za mwanzo penye mchoro wa ukoo. Anayesikiliza hana pa kufungua.

Chukua vita vya kugombea taji la Uingereza alipofariki mfalme Henry I mwaka 1135. Mwanawe wa kiume alikuwa amezama kwenye ajali ya meli karibu na Barfleur, pwani ya Ufaransa, Novemba 1120, kwa hiyo aliyeahidiwa kiti ni bintiye Matilda, mjane wa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma. Mama yake naye aliitwa Matilda. Stephen, binamu aliyemuwahi kiti, mkewe pia ni Matilda. Hata kwenye ile meli alizama Matilda mwingine, binti wa mfalme wa nje ya ndoa. Sasa fika mwaka 1141: Februari Stephen anakamatwa Lincoln, Juni binti wa Henry anafukuzwa London kabla hajavikwa taji, na anayekusanya jeshi la kumwokoa Stephen ni mkewe. Msomaji wa rekodi asiyewatofautisha hao Matilda wawili kwa sauti amekupoteza hapo.

Ndiyo maana sampuli ya bure naisikiliza kwa jambo moja: wanawake wawili wakizungumza. Msomaji wa kike akiigiza wanaume kama mtu mwenye mafua, huzoeleka. Wanawake wote wakiwa na sauti moja, usinunue.

Mtego wa pili ni tarehe. Sura nyingi huanza kwa kutaja mahali na mwezi, sekunde mbili tu. Ukiwa unashuka kwenye daladala zimekupita, na kumbe hadithi imeruka miaka sita. Naweka alamisho papo hapo kila tarehe inaposomwa. Usiku, kipima muda cha kuzima sauti nakiweka dakika 15. Chaguo la “mwisho wa sura” halifai, maana sura moja inaweza kufika dakika 40 na asubuhi hujui ulisinzia wapi. Kasi iwe ya kawaida sura tatu za kwanza, kisha mara 1.2.

Mchoro wa ukoo ukiwepo huja kama PDF ya pembeni, mara nyingi imefichwa kwenye tovuti na si kwenye programu ya simu. Itafute kabla ya kuanza, uipige picha ya skrini.

Bando: sauti ya kbps 64 hula takriban MB 29 kwa saa, hivyo riwaya ya saa 20 ni karibu MB 580. Pakua kwenye Wi-Fi. Ukiazima maktaba ya mtandaoni kwa siku 14, kitabu cha saa 24 kinakudai kama saa moja na dakika 45 kila siku. Ukikosa siku tatu, kitajirudisha chenyewe na utapanga foleni upya.

Anayeanza aanze na Eleanor wa Aquitaine. Ndoa yake na Louis VII, mfalme wa Ufaransa, inabatilishwa Machi 1152, Mei anaolewa na Henry, mwana wa yule Matilda mjane wa Kaisari na baadaye mfalme Henry II, na hadithi inakwenda moja kwa moja hadi uasi wa wanawe mwaka 1173. Tafuta pia kwa jina Alienor, waandishi wengine humwita hivyo. Nyota nne. Za Matilda nazipa tatu, na kwa hizo tangulia na maelezo ya mwandishi yaliyo mwishoni kabisa: ile safari ya binti wa Henry I kutoroka ngome ya Oxford juu ya theluji, Desemba 1142, utadhani ni chumvi, kumbe imo kwenye tarihi za wakati huo.