tmux: umeme ukikatika Chake Chake, kazi ya seva isikatike

Anayefanya kazi Chake Chake au Wete na seva yake iko Ulaya anaijua hasara hii: umeme unakatika, ruta inazimika, na kazi iliyobakisha nusu saa inakufa. Seva haikuguswa. Kilichoiua kazi ni SIGHUP, ishara ambayo programu hupelekewa terminali yake inapofungwa. Isiyoandaliwa kuipuuza hufa papo hapo.

Kwa tatizo hili hatujaona kifaa kinachoizidi tmux, programu inayoishikilia terminali yako ndani ya seva hata muunganisho ukikatika. Ni ya bure, ipo tangu 2007, na kwenye seva za Linux aina ya Debian au Ubuntu huwekwa kwa `sudo apt install tmux`. Iwekwe kwenye seva, jamani, si kwenye laptop! Ukianzisha tmux kwenye laptop kisha ukaingia seva kwa ssh (amri ya kuingia seva ya mbali) kutoka humo, mtandao ukikatika umepoteza vilevile.

Ukishaingia seva, andika `tmux new -s hesabu`. Mstari wa kijani utajitandaza chini ya skrini, jina "hesabu" likiwa kushoto. Anzisha kazi yako. Ukitaka kutoka, bana Ctrl na b, viachie, ndipo ubonyeze d. Wengi hubana vyote vitatu kwa pamoja na hakitokei kitu. Umeme ukikuwahi kabla ya hiyo d, usihofu, kazi inaendelea. Ukirudi, `tmux attach -d -t hesabu` itakufikisha palepale ulipoachia. Hiyo `-d` huondoa muunganisho wa zamani ambao seva bado inaudhani hai, na ambao mara nyingi huibana skrini yako ikawa ndogo.

`nohup`, amri inayoifanya programu iipuuze SIGHUP, inatosha kwa amri moja isiyouliza kitu: `nohup ./nakala.sh > nakala.log 2>&1 &`. Kazi itakayotaka ujibu ndiyo au hapana katikati, usiikabidhi `nohup`. `screen`, programu ya 1987 inayofanya kazi kama ya tmux, bado ni imara, ila kugawanya dirisha ni kwepesi zaidi kwenye tmux.

Kasoro zipo. Seva ikiwashwa upya, kila kilichokuwemo kimepotea. Programu ya kudumu iandikie huduma ya systemd, mfumo wa Linux unaoanzisha programu seva inapowaka. Na seva iliyowekewa `KillUserProcesses=yes`, mpangilio wa systemd wa kuua kazi za mtumiaji akitoka, huua hata tmux mara utokapo. Hapo tumia `loginctl enable-linger`, inayoruhusu kazi zako zibaki ukishatoka, kisha uianzishe kwa `systemd-run --user --scope tmux`.

Kumbukumbu ya tmux nayo, yaani maandishi yaliyopita unayoweza kuyarudia, ni mistari 2,000 tu. Weka `set -g history-limit 20000` ndani ya `~/.tmux.conf` kabla hujaanza, kwani dirisha lililokwisha kufunguliwa halibadiliki.