Wadi ya upasuaji: nyota nne, ya tano imeishia kwenye uji

Mimi ni mama lishe. Nalisha watu wengine, lakini kwa miezi minane mwenyewe nilikuwa natapika karibu kila ninachokula. Vidonda vya tumbo vilikuwa vimeziba njia. Nikakatwa sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo, kwa kufunguliwa tumbo, si kwa vitundu vidogo vya kupitishia kamera. Hospitali siitaji.

Tiata sina neno. Kilichonifurahisha ni yule daktari kijana. Kesho yake majibu ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, yalirudi: katika chembe nyeupe, nyutrofili asilimia 86, limfosaiti asilimia 8. Mwanangu kuona mshale mmoja juu na mwingine chini, akaanza kuwapigia wajomba. Daktari akavuta stuli. "Mama, mwili haujui kama aliyekukata ni daktari au jambazi." Ukikatwa, akasema, homoni ya kotisoli inapanda. Nyutrofili zinamwagwa kwenye damu kutoka kwenye uboho, zikimbilie kidonda. Limfosaiti, zinazotambua virusi na kukumbuka magonjwa ya zamani, zinapungua kwenye damu: nyingine zinahamia sehemu nyingine za mwili, nyingine zinakufa.

Nikamwambia, basi ni kama kwangu saa saba mchana, wasichana wote wanapakua, vyombo hakuna anayeosha. Akacheka, akasema ndiyo hiyo hiyo. Kwa vitundu mtikisiko ungekuwa mdogo zaidi. Siku ya tano: nyutrofili 70, limfosaiti 21. Wajomba wakapigiwa tena.

Sasa lawama. Siku hizo hizo kinga imeyumba, saa ya kutazama wagonjwa kitanda cha jirani walijaa watu tisa, mmoja anakohoa juu ya chandarua changu. Nikamwita sista. "Mama, tukiwatoa wanatusema." Haya.

Siku ya kuruhusiwa nikapewa dawa na tarehe ya kutoa nyuzi. Habari ya chakula, kimya. Nyumbani nikanywa uji wa sukari, kikombe kikubwa. Haikupita nusu saa: jasho, moyo unadunda, choo mbio. Kliniki ndipo nikaambiwa kwamba mfuko ukipunguzwa, sukari inashuka kwenye utumbo kwa kasi, kwa hiyo nile kidogo kidogo mara sita. Sentensi moja tu, ingewagharimu nini kuisema mapema?

Ukilazwa pale, omba nakala ya FBP ya kwanza na ya mwisho. Wasipokupa, ganda hapo hapo dirishani.