Fonti nzuri kuliko zote nilizowahi kununua, na sitaki kuiona tena

Nyota mbili. Ningetoa moja, lakini herufi K ya fonti hii inastahili nyota yake peke yake.

Mimi hupanga kurasa za jarida la makala ndefu. Maandishi ya ndani yana fonti yake tulivu, ile ambayo msomaji hapaswi hata kuigundua. Fonti ya mapambo ina kazi moja tu kwetu, nayo ni kichwa cha makala: kumshika mtu anayepekua kurasa haraka na kumwambia kaa hapa kidogo. Vichwa vyetu vilikuwa vimenuna kwa muda mrefu, tukakubaliana kwamba kurasa za burudani na utamaduni zicheke. Ndipo nikainunua hii. Jina silitaji, muuzaji akisoma atajijua.

Kwanza niseme haki yake. Kila herufi ina maumbo kadhaa, na fonti yenyewe huchagua lipi litumike kwa kuangalia majirani. Herufi inayoanza neno hunyanyua mkono, inayomaliza hushusha mkia, na herufi mbili zinazofanana zikifuatana hazitoki sawa. Yote hayo hufanywa na kanuni za OpenType, mfumo wa kutengeneza faili za fonti, zilizo ndani ya faili. Wewe unaandika tu. Na Kiswahili kinaipendeza mno! Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo mikia huangukia a, e, i, o, u, kichwa kizima kikapata mdundo. Halafu hizo K. Lugha yetu imejaa ki- na ku- na kwa-, na kila K hapa inarusha mguu kwa namna yake. Kichwa cha kwanza nilichokipanga kilikuwa "Kicheko Kikubwa", nikakaa nakitazama tu, kazi nyingine zikangoja. Wasomaji walituandikia kulisifu toleo lile. Siku hizo ningetoa nyota tano bila kufikiri.

Kisha ikaja makala kuu kuhusu wanamuziki wanawake waliokataa kusukumwa pembeni. Mhariri akachagua kichwa: "Waliong'ang'ania Jukwaa". Kichwa kizuri, kizito, kinachojaza kurasa mbili zilizotazamana. Nikakiandika, nikakipeleka kwenye nakala ya majaribio, na mhariri akakisoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Waliong. Ang. Ania. Hawa ni akina nani?"

Alikuwa sahihi kabisa. Ile g ya kwanza ilikuwa imeshusha mkia mrefu kana kwamba neno limekwisha. Ritifaa, ile alama ya ng', ikaelea peke yake katikati ya uwazi. Baada yake a ikanyanyua mkono kama inaanza neno jipya, g nyingine ikashusha mkia, na mchezo ukarudiwa. Neno moja likawa matatu.

Sababu yake haina fumbo. Aliyeandika kanuni za fonti ameorodhesha herufi, na chochote kisichomo kwenye orodha anakihesabu kuwa mwisho wa neno: nafasi, nukta, mkato, na ritifaa. Nikasema labda hakuwahi kufikiri kwamba ritifaa hukaa katikati ya neno. Nikajaribu maneno ya Kiingereza yenye alama hiyohiyo. Yalikaa vizuri! Hakuna mkia, hakuna mkono. Maana yake tatizo alilijua, akalirekebisha kwa Kiingereza, akafunga faili akaenda zake. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kweli, kwa sababu ukurasa wa mauzo unataja Kiswahili kwa jina katika orodha ya lugha ambazo fonti hii inazimudu.

Na hili linahusu fonti nyingi, si hii tu. Kiswahili hakina herufi yenye kofia wala alama ya ziada juu yake. Fonti yoyote yenye a hadi z inaweza kudai kwamba inakimudu, na wauzaji hudai hivyo bila mtu yeyote kupanga hata neno moja la Kiswahili. Herufi kuwepo ni jambo moja, na herufi kukaa pamoja ni jambo jingine, tena kwenye fonti ya vichwa kukaa pamoja ndiyo kazi yenyewe. Mchora herufi Mfaransa Roger Excoffon alipochora fonti ya Mistral, iliyotoka mwaka 1953, alihangaika na namna kila herufi itakavyoungana na jirani yake yeyote, na hiyo ndiyo sababu inaonekana kama mtu ameandika kwa mkono bila kujali. Wepesi ule una jasho ndani. Msanifu Mmarekani Herb Lubalin naye, kwa jina la jarida la Avant Garde lililoanza mwaka 1968, aliinamisha A na V zikaegemeana kwa sababu jina lile lilitaka hivyo. Fonti iliyozaliwa na jina lile ikatoka mwaka 1970, na watu wakazipachika zile A zilizoinama kwenye maneno yasiyozihitaji, vikatoka vioja. Anayechora herufi za kucheza lazima ajue zitacheza na nani.

Nilihangaika. Nikiweka ritifaa iliyonyooka badala ya iliyopinda, mkia haukuondoka. Nilijaribu ile alama yenye namba 02BC katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta, ambayo kompyuta huihesabu kuwa herufi na si alama ya uakifishaji. Fonti haina, programu ikaazima kutoka fonti nyingine, ikatoka kijiti chembamba kilichosimama kati ya herufi nene. Nikizima kanuni zote, kichwa kinasomeka vizuri lakini kimekufa: K zote zinafanana, uhai wote niliolipia umepotea. Mwishowe niligeuza kichwa kuwa mchoro na kusogeza kila herufi kwa mkono. Kilipendeza. Lakini mchoro si maandishi tena. Kwenye PDF huwezi kukitafuta, programu inayomsomea asiyeona inakiruka, na mhariri akibadilisha neno moja unaanza upya. Alibadilisha. Wahariri hubadilisha, ni haki yao.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, nikaambatisha picha, nikaeleza hata mahali pa kurekebisha: ongeza ritifaa kwenye orodha ya herufi, basi. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa la mistari miwili. Kwamba hilo si kosa, ndivyo fonti ilivyosanifiwa, na kwamba nijaribu kutunga kichwa kisicho na alama hiyo.

Nijaribu kutunga kichwa kisicho na alama hiyo! Yaani fonti ichague maneno, mhariri afuate. Tusing'are, tusing'oe, king'ora kisilie, kwa sababu mtu mmoja hataki kuongeza alama moja kwenye orodha yake. Na leseni inanikataza kuifungua faili na kuiongeza mwenyewe.

Nilipotulia nilitaka kuandika kwamba pamoja na hayo ni fonti nzuri, itumieni kwa majalada na vichwa vifupi, angalieni tu ng'. Ni kweli pia. Kwenye jalada bado sijaona inayoishinda, na mwenzangu wa meza ya pili anaitumia kwa furaha kwa sababu vichwa vyake havijaikuta alama hiyo. Juzijuzi likatoka toleo jipya lililotangazwa kuwa na maboresho ya lugha. Nikalipakua kwa matumaini ya kweli, nikaandika "Waliong'ang'ania". Wameongeza vikatuni vya paka na nyota. Mikia iko palepale.

Basi zile nyota mbili zinashuka kuwa moja, na ni ya K. Ukishawishika na picha zao, andika kwanza "kung'ang'ania" kwenye kisanduku cha majaribio kwenye ukurasa wao kabla hujatoa senti. Sisi toleo lijalo vichwa vitarudi kwenye fonti ya zamani, na mhariri tayari ameniletea cha kwanza: "Nani Aliyemng'oa Mpiga Gitaa?"