Kasha la Mvule, Risiti Yake, na Jaji Aliyepata Uhamisho

Sisi mawakili wa Malindi tulichanga fedha za kumuaga jaji aliyekuwa amepata uhamisho, nami nikatumwa Lamu, kwenye karakana ya kuchonga mbao iliyo kichochoroni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, barabara kuu ya mji huo. Naandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayenuia kununua huko zawadi ya kumpa mtu mwenye cheo.

Kazi yenyewe ni safi. Kasha nililochagua ni la mvule, lenye urefu wa kama futi tatu, nakshi zake za maua zimechongwa kwa patasi, na misumari ya shaba imepangwa kwa safu zilizonyooka. Bei ilikuwa shilingi 32,000, na sikupata punguzo la maana. Kilikuwepo pia kiti cha enzi chenye njumu za mfupa, ambacho nilikitamani, lakini kumpelekea jaji kiti cha enzi nikaona ni kumtania. Mwenzangu mmoja alikuwa amependekeza pete ya fedha kutoka kwa sonara wa mtaa huohuo. Nilimkumbusha kwamba kifungu cha 14 cha Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 kilimkataza ofisa wa Serikali kupokea vito, madini ya thamani na pembe za ndovu, na pendekezo likafia hapo.

Jambo lililonifanya niisifu karakana hii kuliko nyingine ni risiti. Fundi, mzee wa makamo ya baba yangu, alishika kalamu akaniuliza, “Niandike bei, mwanangu, au hutaki iyuwikane?” Alieleza kwamba wanunuzi wa zawadi za wakubwa mara nyingi huomba karatasi isiyo na kiasi. Nilipomwambia aandike yote, aliandika aina ya mbao, vipimo, bei, tarehe na majina ya waliochanga, akatia sahihi.

Kwa mawakili risiti hiyo ni muhimu kuliko kasha, kwa sababu baadhi yetu tulikuwa tungali na kesi zinazosubiri uamuzi, na risiti inaonyesha wazi nani alitoa nini. Mshahara wa jaji wa Kenya hutoka moja kwa moja katika Mfuko Mkuu wa Serikali, na Kifungu cha 160 cha Katiba ya 2010 kinazuia usipunguzwe kwa namna ya kumdhuru. Kinga hiyo ilitungwa kwa ajili ya jaji ambaye Serikali ingetaka kumkomoa kwa hukumu isiyoipendeza. Kwa mtu anayemjia jaji kwa ukarimu haina kazi. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani nao wana kinga kama hiyo ya mshahara, lakini mwaka 2023 waandishi wa shirika la habari la ProPublica walifichua kwamba mmoja wao, Clarence Thomas, alikuwa amepokea kwa miaka mingi safari za kifahari kutoka kwa tajiri Harlan Crow bila kuzitangaza. Thomas alijitetea kwamba alishauriwa kuwa ukarimu wa marafiki hauhitaji kutangazwa. Mnamo Novemba mwaka huohuo mahakama hiyo ilijiandikia kanuni za maadili, ila haikuunda chombo cha kuzisimamia. Safari ya ndege ya rafiki haiji na karatasi ya fundi.

Usafirishaji ndio uliokuwa na kasoro. Kasha lilichelewa siku nne, likavushwa kwa mashua hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, bila kufunikwa, kisha likapakiwa kwenye lori. Tulilikabidhi siku ya hafla pamoja na risiti. Kwa kuwa Kifungu cha 76 cha Katiba huihesabu zawadi itolewayo kwenye hafla rasmi kuwa ni ya Jamhuri, isipokuwa ile iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge, jaji alilipokea, akashukuru, akaagiza liandikwe katika rejista ya zawadi, na akaondoka bila kulichukua. Sasa linahifadhi majalada ya zamani, na bawaba ya kushoto, iliyolowa maji ya chumvi, imeshaanza kushika kutu.