Matembezi ya mijakaranda Moshi: mwongozaji analipwa kwa lipi

Kila Oktoba, vuli ikiwa bado haijashuka, mijakaranda ya Moshi inakuwa imepukutisha majani na kubaki na maua ya zambarau tupu. Ni wiki chache tu. Katika wiki hizo unaweza kukodi mwongozaji wa mjini akutembeze kwa miguu kutoka Mnara wa Saa hadi mtaa wa Shanty Town, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu ukihesabu na kusimama njiani. Huduma hii inastahili pesa yake, ila kwa sharti moja: muanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayeanza alfajiri anapata nyota nne kati ya tano. Anayeanza saa tatu, kama wengi wanavyopenda, mbili zinamtosha.

Kwanza kuna mlima. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini mwa mji, na njia ya kwenda Shanty Town inapanda taratibu kuelekea huko huko, kwa hiyo asubuhi unatembea mlima ukiwa mbele yako na jua mkono wa kulia. Ikifika saa tatu au saa nne, mara nyingi mawingu yameshaufunika. Halafu kuna rangi yenyewe. Zambarau ya mjakaranda ni nyepesi, ina ubuluu ndani yake, na jua la utosini huipausha mpaka ikaelekea kijivu. Jua likiwa chini linapita ubavuni, linapenya kwenye ua, na mti mzima unang'aa. Tena kuna zulia la chini. Maua yaliyodondoka usiku bado ni mabichi na hayajakanyagwa. Huu ni mji unaojivunia usafi wake, na wafagiaji hawalali: ukichelewa, katikati ya mji utakuta zulia limeshakuwa mafungu pembeni ya barabara.

Sehemu ya katikati ya mji ipiteni haraka. Kuna bogenvilia kwenye kuta na miti michache ya kivuli, lakini pikipiki na daladala hazikupi nafasi ya kutazama juu. Kwenye bogenvilia mwongozaji asimame dakika tatu tu, na hapo ndipo utajua kama anaijua kazi. Ile rangi ya waridi au ya chungwa mnayoisifia si ua, ni majani yaliyogeuka rangi, matatu matatu. Ua lenyewe ni kile kibomba chembamba cheupe kilichosimama katikati ya kila jani. Mwongozaji asiyekuonyesha hicho, mwombe mapema asikuchukulie muda kwa stori za wapanda mlima.

Shanty Town ndipo penye utamu. Barabara zake ni pana na tulivu, nyumba zimekaa ndani ya bustani kubwa, na matawi yanavuka ua wa michongoma kuja kukutana juu ya vichwa vya wapita njia. Barabara ya Lema inafaa kuwa uti wa mgongo wa matembezi, halafu mkate kushoto au kulia kulingana na miti iliyochanua juma hilo. Hapa msihesabu kilomita. Barabara moja ikitembewa polepole kwa nusu saa ina faida kuliko nne zilizopitwa mbio.

Mwambie mwongozaji aokote ua moja lililodondoka sasa hivi, alipasue kwa ukucha kutoka mdomoni hadi kwenye kikonyo. Ni kama tarumbeta ndogo, urefu wake sentimita nne au tano, limejipinda kidogo, midomo yake mitano. Kwa ndani kooni ni jeupe. Utaona stameni nne, yaani vijiti vya kutoa chavua, zimelala juu, mbili fupi na mbili ndefu kidogo, na katikati yake kitu cha tano kirefu kuliko zote, chenye vinyweleo, kama mswaki mwembamba. Hicho hakitoi chavua; ni stameni tasa. Ukishalitazama ua kwa karibu hivi, mti mzima unautazama kwa macho mengine. Mwongozaji mmoja kati ya wengi ndiye anayefanya hivi, na ndiye wa kurudiwa mwakani.

Hapo hapo chini ya mti pana hatari mbili ndogo zinazoharibu asubuhi. Maua yaliyolala yanateleza, hasa ya jana yaliyoanza kuwa kahawia na kulainika, na juu ya lami yenye umande yanakuwa kama ganda la ndizi. Vaa viatu vyenye soli yenye meno, acha ndala nyumbani. La pili ni nyuki: wanaendelea kuingia kwenye maua hata yakiwa chini, kwa hiyo mtoto asivuliwe viatu ili apigwe picha ya kupendeza juu ya zulia. Na mwenye gari asiliegeshe chini ya mjakaranda tangu usiku. Maua yakioza hunata, na rangi ya gari inapata madoa.

Kosa kubwa la waongozaji wengi ni kuita kila mti mwekundu "mkrismasi". Mkrismasi wenyewe, asili yake Madagaska, hapa unaanza kupamba moto Novemba na kufikia kilele Desemba. Ua lake lina petali tano, nne nyekundu na moja iliyosimama ikiwa na weupe au manjano yenye michirizi, na majani yake ni laini, yamechanika vipande vidogo vidogo. Kibobakasi ni mwingine kabisa. Huo ni mti wa Afrika, majani yake ni makubwa, na maua yake ni vikombe vya rangi ya moto vilivyosongamana kwenye ncha za matawi. Vichomozo vya maua yake vimejaa maji. Ukibinya kimoja maji yanaruka kama ya bomba la sindano, na watoto wanaujua mchezo huo vizuri. Kwa ukoo, kibobakasi ni ndugu wa mjakaranda wenye asili ya Amerika Kusini, ingawa kwa rangi hutawadhania. Kwa wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, mijakaranda watakuta imeshavaa majani, lakini wekundu wa Desemba unatosha kabisa kwa matembezi ya namna hii, kwa njia ile ile.

Kuhusu tarehe, usilipie nafasi ya mwezi mzima mbele. Mjakaranda huchanua vizuri baada ya kiangazi kikavu. Mwaka ambao manyunyu hayakatiki, majani huota pamoja na maua na zambarau inachanganyika na kijani. Mvua moja kubwa ya usiku inaangusha nusu ya maua. Piga simu siku mbili kabla, uliza barabara kwa barabara. Mvua hiyo hiyo ina fidia yake: mibuni ya Kibosho na Old Moshi huchanua siku chache baada ya mvua ya kwanza nzuri, maua meupe yenye harufu kama ya asumini, na hayadumu zaidi ya siku mbili tatu. Mwongozaji makini atakwambia, hata kama hiyo ni safari nyingine ya daladala.

Kwa picha za simu, mbingu nyeupe ndiyo adui. Simu inaona mwanga mwingi, inalifanya ua kuwa jeusi, au inaisukuma zambarau iwe buluu. Gusa ua kwenye kioo, kisha rekebisha mwanga kwa kidole, na simama mahali ambapo nyuma ya tawi pana mti wa kijani kizito badala ya anga. Usiingize lango la mtu wala mlinzi wake kwenye picha bila kuomba. Ukisema "shikamoo mzee, naomba kupiga picha ya mti", mara nyingi utakaribishwa hadi ndani ya bustani.

Bei mpatane kabla ya hatua ya kwanza, na mseme wazi mambo matatu: ni ya kundi au ya kichwa, ni ya saa ngapi, na bajaji ya kurudi mjini inalipwa na nani. Migogoro karibu yote inatoka kwenye hilo la tatu. Kundi lisizidi watu sita, maana barabara nyingi hazina njia ya miguu na mkipanga mstari mrefu, wa nyuma wanaishia kwenye mtaro bila kusikia lolote. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Chai msinywe kabla. Bakuli la mtori mjini ikishapita saa tatu, baada ya kuteremka, linakaa vizuri zaidi.

Na kabla hujakubali kumlipa, muulize swali moja: juma hili kibobakasi kimechanua wapi? Anayejua atakutajia mti kwa mti, wa kona ile, wa mbele ya geti lile. Asiyejua atakwambia twende, tutaona.